Mashine Ilikuwa Nzima, Alizeti Haikuwapo

Katikati ya Septemba 2021, miezi miwili na nusu baada ya kuanza kukamua, kiwanda chetu cha mafuta ya alizeti kilisimama. Umeme ulikuwapo, mashine ilikuwa nzima, vijana wanne walikuwa wameketi juu ya magunia matupu wakiwa wamekwisha kuvaa makoti yao ya kazi, na mimi nilikuwa nje nikimpigia simu dalali mmoja baada ya mwingine, kuanzia Kiomboi hadi Nduguti, kuuliza kama kuna mtu aliyebakiwa na alizeti. Waliokuwa nayo waliitaja kwa bei ambayo, hata kama ningeuza mafuta yote na mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, bila kupoteza tone, ningebaki na deni la umeme. Kufikia jioni niliwalipa vijana posho ya siku hiyo na kuwaambia wasije kesho yake.

Ninaandika haya kwa sababu swali ninaloulizwa kuliko yote, tangu watu wajue kwamba nina kiwanda cha mafuta ya kupikia, ni lile la bei ya mashine. Ni swali la haki, na mimi mwenyewe ndilo nililoanza nalo nilipoacha kazi ya uhasibu Dar es Salaam na kurudi nyumbani Iramba, mkoani Singida, kushirikiana na kaka yangu. Daftari letu la kwanza la bajeti bado ninalo. Ukurasa mzima umejaa mashine, mota, matangi, chujio, banda na gharama za kuvuta umeme wa njia tatu. Alizeti yenyewe imeandikwa mstari wa mwisho kabisa, kwa penseli, kwa maneno matatu: “mzigo wa kuanzia”. Ni aibu kidogo kwa mtu aliyesomea hesabu, lakini ndivyo tulivyoanza, na nimeona madaftari ya wenzangu yaliyoandikwa vivyo hivyo.

Hesabu iliyostahili kufanywa kabla ya kununua hata bati moja ni hii. Muuzaji alituambia kwamba mashine inakamua kilo 200 kwa saa. Kwa alizeti inayokamuliwa pamoja na maganda yake, na kwa mtu anayetaka mashudu yatoke makavu, ilikamua kilo 150 siku ikiwa nzuri. Kilo 150 kwa saa kumi za kazi ni tani moja na nusu, yaani magunia 23 ya kilo 65 kila siku. Ukitaka mashine ifanye kazi siku 200 tu kwa mwaka, unahitaji tani 300, ambazo ni magunia zaidi ya 4,600. Bei ya mkulima ikiwa, tuseme, shilingi 800 kwa kilo, mzigo huo ni shilingi milioni 240. Mashine, banda, matangi na umeme kwa pamoja havikutugharimu hata robo ya fedha hizo. Tena alizeti ya kwetu hupandwa Desemba na Januari na kuvunwa kuanzia Mei hadi Julai, kwa hiyo fedha hizo hazihitajiki kidogo kidogo mwaka mzima. Zinahitajika katika wiki chache ambazo mkulima ana mzigo uani, ana ada za shule mbele yake, na wanunuzi wa mjini wameleta malori. Viwanda vikubwa vya Singida mjini, kikiwamo cha Mount Meru Millers, huanza kununua wiki hizo hizo, na vina fedha za kununua kwa mkupuo. Sisi tulianza na magunia 400, tukadhani tutauza mafuta na kununua mengine kadiri tunavyokwenda. Mafuta tuliuza, lakini kila tuliporudi kununua, bei ilikuwa imepanda na magunia yamepungua.

Kilichotupoteza zaidi ni takwimu za taifa. Wakati tunaanza, hesabu zilizokuwa zikitajwa na serikali zilikuwa mahitaji ya tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka, na uzalishaji wa ndani wa tani 205,000. Pengo huzibwa zaidi na mawese ya Malaysia na Indonesia yanayoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Mwaka 2021 serikali ilikuja na kampeni ya kufufua alizeti, ikiweka mkazo katika mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu. Mtu akisikia pengo la ukubwa ule huona soko lisilo na mwisho, nalo soko kweli lipo. Lakini pengo la mafuta katika nchi hii ni pengo la mbegu za kukamua. Mashine za kukamua zipo nyingi kuliko alizeti, na ukipita miji midogo ya mkoa wetu mwezi Novemba utaona makufuli kwenye milango ya mabanda.

Baada ya msimu ule wa kwanza nilijifunza kuwa mnunuzi wa alizeti kabla ya kuwa mkamuaji. Tulinunua mizani nzuri, tukaipeleka kwa Wakala wa Vipimo ikakaguliwa na kupigwa chapa, na tukatangaza kwamba tunanunua kwa kilo na si kwa gunia. Lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo chake, imepigwa vita miaka mingi, na sababu yake inaeleweka kwa upande wa mkulima, lakini hata mnunuzi huumia, kwa kuwa gunia lililoshonewa kilemba hujui limebeba nini. Wakulima wetu hupiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, wengine juu ya turubai na wengine juu ya ardhi iliyofagiwa, na kinachopigwa juu ya ardhi huja na mchanga mwembamba ambao macho hayauoni. Siku moja mama mmoja mzee alileta magunia sita kwa mkokoteni wa punda. Nilichota kisahani kimoja kutoka katikati ya gunia, nikakitikisa juu ya karatasi nyeupe, na ukabaki mstari wa vumbi jekundu. Aliutazama kwa muda, kisha akasema, “Mwanangu, turubai alichukua mjomba wao kuanikia mpunga.” Hatukukata bei yake. Mwaka uliofuata tulinunua maturubai 30 na kuyaazimisha kwa wakulima wanaotuuzia, nayo yamerudisha gharama yake mara nyingi.

Unyevu nao ni jambo la kupimwa na si la kubahatisha kwa kung'ata mbegu, ingawa wapo wazee wanaong'ata na wasikosee sana. Alizeti inayowekwa ghalani ikiwa na unyevu unaozidi asilimia tisa hivi hupata joto, huota ukungu, na mafuta yake huanza kuwa na asidi hata kabla ya kukamuliwa. Kipima unyevu ni chombo kidogo cha kushika mkononi. Tulikinunua mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza tulipanga magunia moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji, yakinyonya unyevu kutoka chini, na safu ya chini yote ilitoa mafuta meusi yenye harufu ya gunia bichi. Chaga za mbao na nafasi ya mtu kupita kati ya magunia na ukuta vingetuokoa kwa gharama ndogo.

Halafu kuna mbegu yenyewe. Wengi wa wakulima wetu hupanda Record, mbegu ya zamani inayopendwa kwa sababu ni rahisi na inavumilia ukame. Alizeti huchavushwa na nyuki, kwa hiyo mkulima anayetenga mbegu yake mwenyewe msimu baada ya msimu hupanda mchanganyiko wa shamba lake na la jirani, na kiasi cha mafuta hushuka taratibu bila yeye kujua, kwa sababu yeye hulipwa kwa uzito. Sisi ndio tunaojua. Gunia la kilo 65 la Record ya kawaida hutupatia lita 16 au 17 za mafuta na mashudu yasiyopungua kilo 47. Gunia la uzito huo huo la mbegu chotara kama Hysun 33 limewahi kutupa lita 22. Tofauti hiyo ya lita tano na zaidi hutoka kwa umeme ule ule na vijana wale wale. Hata hivyo mbegu chotara ni ghali mara kadhaa kuliko Record na lazima inunuliwe upya kila msimu, na mimi sitamlaumu mkulima anayeikataa ikiwa mnunuzi analipa bei moja kwa zote. Sasa tunalipa nyongeza kwa kilo kwa wanaoleta mbegu chotara iliyotengwa, na bado ni wachache.

Mashine, hatimaye. Haina siri kubwa. Ni parafujo nene ya chuma inayozunguka ndani ya pipa lililoundwa kwa fito za chuma zilizopangwa karibu karibu. Mbegu husukumwa mbele, nafasi huzidi kuwa finyu, mafuta hupenya kati ya fito, na mashudu hutokea mwishoni kama magome membamba yenye moto. Ukikaza mwisho wa pipa unapata mafuta mengi zaidi, lakini mashine hupata joto, mafuta huwa meusi na mota hulalamika. Ukilegeza, mashudu hutoka na mafuta yako. Mbegu ikiwa baridi sana au kavu kupita kiasi hukwama, ndiyo maana huwa tunaipasha moto kidogo katika pipa linalozungushwa kabla ya kuimwaga. Haya yote tuliyazoea ndani ya mwezi mmoja.

Tulichokuwa hatukijui ni kasi ya chuma kuisha. Mwezi wa pili mashudu yalianza kutoka yakiwa laini na yenye kung'aa, na tuliendelea kukaza mpaka hapakuwa na pa kukaza. Tukamwita fundi mmoja mzee aliyefanya kazi karakana kwa miaka mingi. Alifungua pipa, akafuta parafujo kwa kitambaa, akapitisha ukucha wake kwenye ukingo wa nyuzi zake, na ukucha haukukwama popote. Ukingo uliopaswa kuwa mkali ulikuwa umeviringika kama mpini wa jembe. “Hapa mmekula mchanga, mwanangu,” alisema. Akatufundisha kujazia chuma kwa kuchomelea na kukisaga upya, na akatushauri kuwa na parafujo mbili ili moja ikiwa karakana nyingine iwe kazini. Muuzaji aliyetuuzia mashine hakuwa ametaja vipuri hata kwa neno moja, na sisi hatukuwa tumeuliza.

Mafuta yanayotoka kwenye mashine bado si mafuta ya kuuza, ingawa wengi huyauza hivyo. Tunayaacha yatulie tangini ili mashapo yashuke, kisha tunayapitisha kwenye chujio la vitambaa. Yakishachujwa huwa mazuri kwa macho, lakini yana ulimbo, yaani vitu vya kunata vinavyotoka kwenye mbegu, na mpishi akiyaweka jikoni yanafura povu mpaka kwenye ukingo wa kikaango. Ulimbo huondolewa kwa maji ya moto: maji kidogo, kama lita mbili kwa lita 100 za mafuta, kwenye joto la nyuzi 70 hivi, huku unakoroga polepole, kisha unaacha utando mzito ushuke chini. Baada ya hapo lazima uyapashe tena ili maji yote yaondoke, kwa kuwa maji yakibaki, mafuta huchacha mapema kuliko kama usingeyagusa. Tulijaribu kuruka hatua hiyo ya mwisho mara moja tu.

Na kuna nta. Usiku wa Juni na Julai kwetu ni baridi, na mafuta ya alizeti yasiyoondolewa nta hupata ukungu mweupe yakipoa. Julai 2022 mteja wetu wa siku zote, mama mwenye mgahawa pale njia panda ya Misigiri, alirudisha dumu la lita 20 asubuhi na mapema, akaliweka mezani na kumuuliza kaka yangu, “Baba, humu mmetia nini? Uji?” Kaka alilibeba na kuliweka juani. Wakanywa chai. Kufikia saa nne na nusu mafuta yalikuwa yameng'aa, naye alilichukua dumu lake, lakini sidhani kama aliamini sana. Tangu hapo, katika miezi ya baridi tunayaacha mafuta kwenye tangi la nje usiku kucha na kuyachuja alfajiri kabla jua halijayagusa. Si kazi kamili kama ya mtambo unaoyapoza kwa kipimo, lakini madumu yanayorudishwa yamepungua sana.

Kuhusu vibali nitasema machache, kwa sababu si vigumu kama inavyosemwa ila vinataka mtu mwenye subira ya kupanga karatasi. Jina na kampuni ni BRELA, kodi ni TRA, leseni ni halmashauri, na ubora wa mafuta ni TBS, ambao tangu 2019 wamechukua pia shughuli za chakula zilizokuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati ule. Nendeni SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mapema, kabla ya kujenga, kwa kuwa barua yao humsaidia mjasiriamali mdogo kufika TBS bila mzigo wa ada za mwanzo, na kwa kuwa watawaambia kuhusu sakafu, dari na milango mambo ambayo sisi tulibomoa na kujenga upya.

Mwaka 2022 unastahili maelezo yake. Vita vya Ukraine vilianza Februari, na Ukraine na Urusi ndizo zinazouza mafuta mengi zaidi ya alizeti duniani; tarehe 28 Aprili Indonesia ikazuia kuuza mawese nje, ikafungua tena baada ya wiki tatu na ushee. Bei ya mafuta ya kupikia ilipaa hapa nchini wakati huo huo tulipokuwa tunajiandaa kuvuna. Tukiwa na kumbukumbu ya Septemba iliyopita, tulikopa, tukanunua kwa bei ya juu kuliko tuliyowahi kulipa, na tukajaza ghala mpaka mlangoni. Bei ya mawese ilianza kushuka katikati ya mwaka, na bajeti iliyosomwa Juni ililegeza kodi za mafuta yanayoagizwa ili kumpunguzia mlaji makali ya maisha. Siwezi kusema mlaji hakustahili nafuu hiyo. Mama wa mgahawa wa Misigiri ni mlaji. Lakini sisi tulikamua alizeti ya bei ya Mei na kuuza mafuta kwa bei ya Desemba, na mkulima aliyekuwa amebakiza mzigo wake akisubiri ipande zaidi aliumia kuliko sisi. Mwaka 2018 ushuru wa mawese ghafi ulikuwa umepandishwa hadi asilimia 25 na wa mafuta yaliyosafishwa hadi asilimia 35, na watu wengi huku waliongeza ekari kwa sababu hiyo. Mimi sina ugomvi na ushuru wa juu wala wa chini. Nina ugomvi na bajeti inayosomwa Juni, mkulima akiwa katikati ya kupiga alizeti yake, ikibadilisha thamani ya kitu ambacho kimekwisha kupandwa, kupaliliwa na kuvunwa. Kiwango kilichotangazwa kabla ya Novemba na kuachwa kwa misimu mitatu kingetutosha, hata kama si kile tunachokipenda.

Kilichotuokoa mwaka ule ni kukamulia watu. Mkulima analeta alizeti yake, tunaikamua mbele yake, anaondoka na mafuta yake, nasi tunabaki na mashudu kama malipo. Hapo hatuweki fedha yoyote kwenye mbegu. Mashudu yana soko la uhakika kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na wa kuku, na malori huyafuata hadi ya kutoka Kenya. Angalizo moja: msiyafunge kwenye magunia yakiwa bado ya moto. Tulifanya hivyo siku tulipokuwa na haraka ya lori, lori likachelewa, na usiku wa tatu mlinzi akaniamsha kwa simu akisema kuna harufu ya mkate ulioungua. Gunia la katikati ya rundo lilikuwa jeusi ndani na huwezi kulishika kwa mkono mtupu. Sasa mashudu hulala sakafuni, yametandazwa, hadi yapoe.

Leo tunagawa ununuzi wetu katika mafungu matatu: moja tunanunua wakati wa mavuno, la pili ni la wakulima wanaohifadhi mzigo wao kwetu na kuchagua wenyewe siku ya kuuza, na la tatu ni la kukamulia watu. Kaka yangu ana karatasi ya bei ya mtambo mdogo wa kusafisha mafuta, ule wa kuondoa asidi, rangi na harufu, na kila baada ya wiki mbili huiweka mezani kwangu bila kusema neno. Ninaielewa hamu yake, kwa sababu mafuta yaliyosafishwa yanafika rafu za maduka makubwa na ya kwetu yanaishia kwenye madumu barabarani. Lakini mtambo wa namna hiyo hautaki kuwashwa asubuhi na kuzimwa jioni. Unataka mafuta ghafi usiku na mchana, na sisi mwaka jana tulisimama tena mwanzoni mwa Desemba. Fedha tulizokuwa nazo zimekwenda kwenye ghala la pili. Msingi wake umemwagwa zege wiki iliyopita, upande wa pili wa mizani.